Maswali ya Wasomaji: Mtoto Kaitwa Kuigiza, Kibali Je?

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia jambo moja, watoto wanaoitwa kuigiza, kwenye filamu, kwenye matangazo, jukwaani na huko YouTube. Wengi mlioandika mko Marekani na Uingereza kwahiyo majibu mengi ni ya sheria za huko, na naomba yule wa nchi nyingine asichukue namba za California akadhani ndo za kwake pia, kila mahali pana utaratibu wake. Naanza na barua iliyonikosesha raha kuliko zote.

SWALI: Dada habari za kazi. Niko California, binti yangu ana miaka 7. Kuna prodyuza alimwona akicheza muziki kwenye sherehe akampenda, anataka amtumie kwenye filamu yake, ni usiku mmoja tu. Nilipouliza mambo ya kibali akasema kwa siku moja hakuna haja, ni usumbufu wa makaratasi, hela atanipa mkononi usiku huohuo ila nisitangaze sana. Mtoto ana hamu kweli, kila saa ananiuliza siku imefika. Nikubali? (Mama wa binti)

Hapana mama, usikubali, na nakuomba usisubiri siku ifike ndo umwambie, mpigie leo.

California hakuna kitu kinaitwa siku moja haihesabiki. Mtoto anatakiwa awe na kibali chake cha kazi za sanaa, na huyo prodyuza naye anatakiwa awe na kibali chake cha kuajiri watoto, vyote viwili vinatolewa na ofisi ya Kamishna wa Kazi wa jimbo. Kwahiyo anaposema kibali hakina haja, mi naona uwezekano mkubwa ni kwamba yeye mwenyewe hana. Halafu kuna hilo la usiku. Mtoto hapaswi kuwa kazini zaidi ya saa 4 usiku kama kesho yake kuna shule, na hata kama hakuna shule mwisho ni saa 6 na nusu usiku. Umri wa miaka 7 hawezi kuongezewa hata dakika kwa sababu dairekta hajaridhika na picha.

Nitakwambia kwanini nimekuwa mkali hivi. Julai 23, 1982, hukohuko California, kulikuwa na filamu inapigwa usiku na watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 7. Hawakuombewa vibali, maana watu wa filamu walijua wakiomba watakataliwa, tukio lenyewe lilikuwa la usiku wa manane na lilikuwa na milipuko na helikopta. Wazazi walilipwa taslimu, na watoto wakafichwa ili wahusika wa usalama wasijue kama wapo. Kama saa 8 na dakika 20 usiku milipuko ikaiharibu helikopta, ikaanguka chini, ikawaua wale watoto wawili pamoja na mwigizaji Vic Morrow aliyekuwa amewabeba wanavuka nao mto. Wazazi walikuwepo palepale wanaangalia. Dairekta na wenzake wanne walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, mwaka 1987 wote wakaachiwa huru.

Sasa soma tena ujumbe wa huyo prodyuza wako. Usiku, taslimu, usitangaze. Sisemi ana nia mbaya, labda ni kijana tu hana bajeti na anataka kazi yake iishe, lakini kibali ndo kinachomlazimisha aseme mapema mtoto atafanya nini, saa ngapi, na nani atakuwepo kumwangalia. Bila kibali hakuna anayejua mtoto yuko pale, na mtu asiyejulikana yupo hakuna atakayemlinda.

Cha kufanya ni kirahisi. Mwombe nakala ya kibali chake cha kuajiri watoto. Wewe nenda mtandaoni kwa Kamishna wa Kazi uombe cha mtoto, kile cha kawaida ni bure na kinadumu miezi 6. Kama muda umebana kuna cha muda cha siku 10, hicho unalipia dola 50 na kinatolewa mara moja tu, kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa na kibali. Prodyuza akikwambia sawa tuhamishie mchana na tufuate utaratibu, basi binti atapata filamu yake. Akipotea, mwache apotee.

SWALI: Dada mambo. Mwanangu wa kiume ana miezi 5, tuko Los Angeles, ameitwa kwenye tangazo la nepi. Mama mkwe anasema ni dhambi kumfanyisha kazi mtoto mchanga, mume wangu anasema twende. Kibali kinatolewa kwa mtoto mdogo hivi kweli? Na atakaa huko siku nzima? (Mama kichanga)

Kinatolewa, tena California wanaanzia mtoto wa siku 15. Chini ya mwezi mmoja lazima daktari bingwa wa watoto athibitishe kwa maandishi kwamba mtoto alizaliwa miezi ikiwa imetimia, uzito wake ulikuwa wa kawaida, na mapafu, macho, moyo na kinga yake vimekomaa kuweza kustahimili kazi hiyo. Wako ana miezi 5 kwahiyo hilo limekupita, utahitaji cheti cha kuzaliwa tu kuthibitisha umri, mambo ya shule bado.

Siku nzima haiwezekani na nadhani hapa mama mkwe atapumua. Mtoto wa siku 15 hadi miezi 6 anaruhusiwa kuwepo eneo la kazi masaa 2 tu kwa siku, na hayo masaa yamepangwa kabisa, ama saa 3 na nusu hadi saa 5 na nusu asubuhi, ama saa 8 na nusu hadi saa 10 na nusu alasiri. Ndani ya hayo masaa 2 kazi yenyewe mbele ya kamera isizidi dakika 20. Dakika 20 kwa siku nzima! Na taa kali zisimmulike zaidi ya sekunde 30 kwa mfululizo. Ndo maana kwenye filamu mtoto mchanga mmoja unayemwona mara nyingi ni mapacha, mmoja dakika zake zikiisha anaingia mwenzie.

Pia kwa umri huo lazima kuwe na nesi pamoja na mwalimu wa studio, japo mtoto hana cha kusoma, maana huyo mwalimu kazi yake sio kufundisha tu (nitaeleza kwenye swali linalofuata). Kwa watoto wa wiki 6 hadi miezi 6 ni nesi mmoja na mwalimu mmoja kwa watoto wasiozidi 10, chini ya wiki 6 ni kwa watoto wasiozidi 3. Wewe mzazi unatakiwa kuwa mahali unapoweza kumwona au kumsikia mwanao muda wote. Ukiambiwa subiri kwenye gari au kahawa iko chumba kile cha mbali, sema hapana asante nipo hapahapa.

Kuhusu dhambi siwezi kukujibia, hilo muongee nyumbani. Ila mtoto akiwa amelala usingizi mzito na mtu anataka kumwamsha kwa ajili ya picha, wewe ndo mama, una haki ya kusema mwacheni alale.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni baba, binti yangu ana miaka 10 amepata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni, California, itachukua miezi kadhaa. Mama yake anaogopa shule itaharibika. Wameniambia kutakuwa na mwalimu hukohuko kwenye seti ila mimi hiyo naona kama geresha, watoto wanasomaje katikati ya kelele za kamera? (Baba wa darasa la tano)

Marahaba kaka. Sio geresha, ila itategemea na wewe kusimama imara, ngoja nikueleze.

Kuanzia kwenye kibali chenyewe shule inahusika. Fomu inapitia kwa shule, wao ndo wanaandika kwamba mahudhurio, maksi na afya ya mtoto viko sawa, na kibali kikiisha baada ya miezi 6 mnarudi tena kwa shule kabla ya kupewa kingine. Kwahiyo binti akishuka sana darasani kazi inasimama. Ongea na mwalimu mkuu mapema, wiki kadhaa kabla, usiende na fomu mkononi siku ya mwisho.

Kwa umri wa miaka 9 hadi 15, siku za shule anaruhusiwa kuwa eneo la kazi masaa 9, na yamegawanywa hivi: kazi isizidi masaa 5, masomo masaa 3, saa moja ya mapumziko. Muda wa chakula nusu saa uko nje ya hapo. Shule zikifungwa kazi inaweza kufika masaa 7. Akitoka leo lazima yapite masaa 12 kabla hajaitwa tena kesho. Na hata mekapu na nywele ni kazi, wakija kumpamba nyumbani hawaruhusiwi kuanza kabla ya saa 2 na nusu asubuhi.

Sasa mwalimu wa studio. Huyu ni mtu mwenye leseni ya kufundisha watoto wadogo na wakubwa, halafu juu yake ana cheti cha Kamishna wa Kazi. Siku za shule anakuwa na watoto wasiozidi 10. Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba sheria imempa pia jukumu la afya, usalama na maadili ya mtoto pale kazini, na akiona hali haifai anaweza kumtoa mtoto kwenye seti na dairekta hana la kufanya. Analipwa na prodyuza, ni kweli, na hilo mi silipendi, lakini mamlaka yake anayapata kwa serikali. Mfahamu siku ya kwanza kabisa, mwambie binti ni wa aina gani, anaogopa nini, anachoka saa ngapi.

Kuhusu kelele. Hapo ndo pa kuangalia kwa jicho kali kwasababu masomo yanaweza kukatwakatwa, dakika 10 hapa anaitwa, dakika 5 pale anaitwa, jioni wanajumlisha wanasema masaa 3 yametimia. Mikataba ya chama cha waigizaji SAG-AFTRA hairuhusu hivyo, kipindi cha chini ya dakika 20 hakihesabiwi kama masomo. Chukua kidaftari uandike ameingia darasani saa ngapi ametoka saa ngapi, usimkaripie mtu, andika tu, na ukiona siku mbili tatu hazijumlishiki mwonyeshe mwalimu. Na darasa liwe chumba chenye mlango, meza na mwanga, hata kama ni trela.

Mama yake ana haki ya kuogopa. Ila kwa uzoefu wa familia nyingi zinazoniandikia, shule inaharibika zaidi kwa zile safari za kastingi baada ya shule, mara tatu kwa wiki, masaa mawili barabarani, usingizi saa 5 usiku, na hapo hakuna mwalimu wala nesi wala sheria ya masaa inayomsaidia. Huko mpaka wa mwisho ni ninyi wawili.

SWALI: Dada, mimi ni mjomba na nimekaa kimya muda mrefu. Mpwa wangu ana miaka 12 anafanya matangazo na filamu California, hela ni nyingi. Dada yangu na shemeji wote wameacha kazi, nyumba, magari, likizo, vyote vinatoka kwa mtoto. Nikimwambia dada anasema sisi ndo tumemzaa tunamhangaikia, hela ya mtoto ni ya wazazi. Ni kweli kisheria? (Mjomba mwenye wasiwasi)

Mjomba, hayo maneno ya dada yako yalishasemwa mahakamani karibu miaka tisini iliyopita, na wakati huo yalikuwa kweli.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Jackie Coogan, alizaliwa 1914, akaigiza na Charlie Chaplin kwenye filamu iliyotoka 1921 akawa mashuhuri dunia nzima. Aliingiza mamilioni ya dola, enzi hizo! Baba yake alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1935, mama akaolewa na mtu aliyekuwa anashughulikia hela za familia, na Jackie alipokua mtu mzima akakuta hela hakuna. Mwaka 1938 akawashtaki mama yake na baba wa kambo. Utetezi wao ulikuwa kwamba kwa sheria ya California kipato cha mtoto ni mali ya wazazi. Na sheria ilikuwa inasema hivyo kweli. Mwisho akaambulia kama dola 126,000 hivi. Watu walichukia sana, mwaka 1939 jimbo likapitisha sheria ambayo mpaka leo inaitwa sheria ya Coogan.

Ile ya mwanzo ilikuwa na matundu makubwa, ilishika mikataba iliyopitia mahakamani tu, na kwa miongo mingi watoto wengine waliliwa hivyohivyo. Marekebisho yaliyoanza kazi Januari 2000 ndo yalibadilisha mambo. Sa hivi California kipato cha mtoto wa sanaa ni mali ya mtoto mwenyewe. Mzazi anasimamia tu. Na mwajiri anatakiwa akate asilimia 15 ya kipato kabla ya makato yoyote, aiweke moja kwa moja kwenye akaunti ya Coogan iliyofungwa, haifunguliwi mpaka mtoto atimize miaka 18. Akaunti inatakiwa ifunguliwe ndani ya siku 7 za kazi baada ya mkataba kusainiwa. New York nao wana asilimia 15, Louisiana na New Mexico pia wana sheria za namna hiyo. Angalizo, California ekstra, yaani wale wanaopita nyuma kwenye picha, hawakatiwi hiyo 15.

Kwahiyo jibu fupi ni hapana, sio kweli kisheria, dada yako amekosea.

Jibu refu ni kwamba asilimia 15 ni ndogo na mi nalisema waziwazi. Chukua dola 10,000. Akaunti ya Coogan 1,500. Ejenti kwa kawaida anachukua asilimia 10, hiyo 1,000. Meneja kama yupo mara nyingi 15, hiyo 1,500 nyingine. Zimebaki 6,000 na kodi bado haijaguswa, kodi ambayo ni ya jina la mtoto. Hicho kinachobaki ni mali ya mtoto lakini kiko kwenye akaunti anayoshika mama, na hakuna karani atakayekuja nyumbani kuuliza gari jipya limetoka wapi. Mtoto akifika 18 anaweza kudai mahakamani, sawa, lakini nani anataka kuanza utu uzima kwa kumshtaki mama yake?

Usiende kwa dada yako na sheria mkononi, atafunga mlango. Nenda na mambo mawili. Moja, mwombe akuonyeshe tu namba ya akaunti ya Coogan ipo na hela zinaingia, maana mwajiri akikosa taarifa za akaunti ile asilimia 15 inapelekwa kwa shirika la Entertainment Community Fund, zamani likiitwa Actors Fund, na kuna watoto waliokua watu wazima wana hela zao kule hawajui. Mbili, mwombe afungue akaunti ya pili kwa jina la mtoto na aweke kitu zaidi ya 15, hata 15 nyingine. Na kama ana masikio siku hiyo, mwulize swali hili kwa upole: mtoto akisema mwakani sitaki tena kuigiza, mtaishije? Mtoto wa miaka 12 anayejua kwamba akikataa nyumba inauzwa, huyo hana tena uwezo wa kukataa.

SWALI: Hujambo dada. Tuko Uingereza, mwanangu ana miaka 8 amechaguliwa kucheza kwenye onyesho la jukwaani kipindi cha likizo, wiki nne. Wenye onyesho wanasema wataomba leseni wao halmashauri. Mi si ndo mzazi, kwanini waombe wao? (Mama D)

Sijambo Mama D. Wako sawa kabisa, England utaratibu uko hivyo. Leseni inaombwa na mwenye onyesho, kwa halmashauri ya eneo ANAKOISHI mtoto, na wewe unasaini sehemu yako. Watu wa California wana kibali cha mtoto kinachozunguka naye kazi zote kwa miezi 6, kwenu leseni ni ya kazi hiyo tu. Halmashauri inaweza kukataa ombi likichelewa chini ya siku 21 kabla ya onyesho, kwahiyo wakumbushe sasa hivi.

Masaa kwa miaka 5 hadi 8: asikae kwenye jengo zaidi ya masaa 8, asicheze zaidi ya masaa 3 kwa siku, na awe ametoka saa 5 usiku. Akifikisha 9 inaongezeka. Lazima kuwe na msimamizi aliyeidhinishwa na halmashauri, mmoja kwa watoto wasiozidi 12, isipokuwa ukiwa wewe mwenyewe na mwanao hapo huhitaji kuidhinishwa. Huyo msimamizi hapaswi kuwa na kazi nyingine, akiwa anauza tiketi huku anaangalia watoto, piga simu halmashauri.

Utasikia watu wakitaja msamaha wa siku nne. Upo, ni kwa mtoto ambaye miezi 6 iliyopita hajacheza zaidi ya siku 3, halipwi, na hakosi shule. Wako ni wiki nne kwahiyo haumhusu.

SWALI: Dada mimi nina chaneli ya familia YouTube, watoto wangu wawili 6 na 9 wapo karibu kila video na ndo wanaopendwa. Mtu kani-comment eti nafanyisha watoto kazi bila kibali. Wanacheza tu nyumbani kwao jamani, hiyo nayo ni kazi? (Mama wa chaneli)

Mama, inakuhusu zaidi kuliko unavyodhani, na nakushukuru umeuliza badala ya kumfuta huyo mtu tu.

Zamani sheria za watoto waigizaji ziliandikwa zikifikiria studio, mwajiri mmoja na mzazi pembeni anayemlinda mtoto. Kwako wewe ndo mzazi, wewe ndo dairekta, wewe ndo mwajiri. Ule mlinzi hayupo tena. Nchi zimeanza kuliona hilo. Ufaransa walipitisha sheria Oktoba 2020, mtoto chini ya miaka 16 akiwa ndo mhusika mkuu wa video na ikawa shughuli ya kuingiza kipato, wazazi wanatakiwa wapate ruhusa ya serikali, na sehemu ya hela inawekwa kwenye taasisi ya umma mpaka mtoto awe mtu mzima. Tena mtoto mwenyewe anaweza kuomba video zake zifutwe bila kusubiri ruhusa ya mzazi.

Marekani Illinois ndo walitangulia, sheria ilianza Julai 1, 2024, na wazo lake lilianza kwa msichana wa shule wa miaka 15 aliyemwandikia seneta wa jimbo lake. Mtoto chini ya 16 akionekana kwenye angalau asilimia 30 ya maudhui yanayolipa, ana sehemu yake, inawekwa akiba, na mzazi asipoweka mtoto anaweza kumshtaki akifika 18. California wakafuata, kuanzia Januari 2025 sheria ya Coogan imewashika na watoto wa mtandaoni. Minnesota walienda mbali zaidi, tangu Julai 2025 mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kutumika kwenye kazi ya maudhui.

Hujaniambia uko wapi kwahiyo siwezi kukwambia ipi inakushika. Ila hata kama hakuna, fanya kama ipo. Anza leo kuandika kila video mtoto katokea dakika ngapi na video imeingiza ngapi, fungua akaunti ya kila mtoto. Weka masaa, baada ya saa fulani kamera inazimwa hata kama kitu kizuri kinatokea. Mtoto akilia, akiumwa, akiwa anaoga, akiwa amekaripiwa, hiyo sio video. Na ukitaka kujua kama ni mchezo au ni kazi, angalia unafanya nini wakisema leo hatutaki. Ukiweka simu chini ukaendelea na mambo yako, bado ni mchezo. Ukianza kubembeleza, "rudia kidogo tu mama, ile ya kwanza haikutoka vizuri", hiyo ni kazi na wanadai mshahara.

MASWALI MAFUPI

Kama ajira ya watoto imekatazwa duniani, kwanini filamu zinaruhusiwa? Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973, ule wa umri wa chini wa kuajiriwa, una kifungu cha 8 kinachoruhusu watoto kushiriki sanaa, lakini kwa kibali cha mtoto mmoja mmoja, na kibali hicho kionyeshe masaa na masharti. Kenya na Tanzania zimeuridhia, Marekani hawajauridhia. Wao sheria yao ya kazi ya mwaka 1938 iliwatoa watoto waigizaji kwenye marufuku ya ajira ya watoto, ndo maana kila jimbo linajipangia lake, na yapo majimbo yasiyo na kibali chochote.

Tunahamia New York kutoka California, kibali kinahama nasi? Hakihami. Ombeni kipya huko, cha kwao kinadumu miezi 12.

Ejenti anataka tulipe kwanza ndo amsajili mtoto, na picha lazima tupige kwa mpigapicha wake. Ondokeni. California ni kosa kisheria kumtoza mtu ada ya mbele ili umwakilishe, ejenti anakula asilimia baada ya mtoto kupata kazi na kulipwa. Na mtu yeyote anayetoa huduma kwa watoto wa sanaa huko, awe meneja, mpigapicha au mwalimu wa uigizaji, anayeweza kubaki na mtoto bila mzazi kuwepo, anatakiwa awe na kibali chake kinachopatikana baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Mwombeni awaonyeshe. Kama mmeshalipa, tunzeni risiti na meseji zote mpeleke kwa mwanasheria wa jiji.